Ngoa Tu Mama

Ilham mwanangu,

Sauti iliyonibakia sikioni ni ya kitufe kimoja, kile kirefu cha chini, cha kuachia nafasi. Ulikibonyeza mara moja siku ulipokifungua kibodi alichokuletea Bi Sabra, mke wa baba yako, kutoka Dar. Hakikulia ta, wala hakikulia tik. Kililia du, kwa chini, kifuani, kama mtu aliyeweka kiganja juu ya meza nzito akakituliza hapo. Ukageuka ukaniangalia, macho yanakuwaka.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Sauti yake. Sikiliza." Ukabonyeza tena.

"Mimi sisikii kitu," nikasema, nikaenda kuepua chai ambayo ilikuwa bado haijachemka.

Nilisikia, Ilham. Nimekuwa nikiisikia tangu siku ile, hata pale kibodi chenyewe kipo ndani ya boksi.

Sasa hivi umekwenda Kiembe Samaki kumuaga bibi yako, na kesho asubuhi unapanda boti kwenda kusoma Dar. Mambo ya nguo, ya dawa, ya kunipigia ukifika, nshakwambia mpaka umenichoka, na sitoyarudia. Naandika yale ambayo kila nikifungua mdomo yanageuka yakawa mengine. Naandika kwa kalamu, kwa sababu nikikaa kwenye kibodi chochote leo nitaanza kufikiria kibodi badala yako.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba vibodi vina tabia. Mimi nilikuwa navijua kwa vidole tu. Nilidhani ni wazimu wako, kukaa saa nzima unasikiliza video za watu wasioonekana nyuso, mikono mitupu, wanabonyeza vitufe na kuvisifu, kama bibi yako anavyochagua udi: huu mzito, huu una ukali, huu unabaki nguoni. Halafu nikaona na mimi nina vyangu ninavyovikumbuka, na kila kimoja kina wewe ndani yake.

Cha kwanza nilikuwa nacho ukiwa na miezi minane. Nilikuwa na miaka ishirini, mwaka wa pili chuoni, na kompyuta yangu vitufe vyake vilikuwa vimekufa kwa chumvi ya hewa ya hapa. Nikanunua Darajani kibodi kidogo, bapa, upana wa viganja viwili, chini yake mpira mtupu. Kukibonyeza ilikuwa kama kubonyeza mkate wa boflo wa jana. Kidole kinazama, hujui herufi imeingia au haikuingia mpaka uinue macho. Mishale ya kwendea juu na chini ilibanwa pembeni, midogo kama kucha zako wakati ule. Lakini kilikuwa hakina sauti hata kidogo. Ulikuwa unalala mapajani mwangu, kibodi nimekiweka juu ya mto, na ukurasa baada ya ukurasa haukushtuka. Ndicho kibodi kibaya kuliko vyote nilivyopata kuvigusa, na shahada yangu nimeiandika juu yake, kwa sababu hakikukuamsha.

Baba yako alikuwa ameshakwenda Dar. Talaka ilikuja ukiwa na mwaka na nusu. Sikulia sana. Nilijiambia: nina mtu mmoja, anatosha. Sikujua kwamba sentensi kama ile mtu akiisema kila siku inakuwa na meno.

Cha pili unakijua, ndicho kipo mezani hapa sasa. Nilikinunua ulipotimia miaka kumi, nilipoanza kazi kwenye ofisi ya yule wakili wa Vuga, ya kupiga chapa maelezo ya mashahidi na kuyatafsiri. Nacho ni kifupi, hakina lile rundo la tarakimu upande wa kulia, lakini vitufe vyake vimesimama, kila kimoja na springi yake, na kabla hujafika chini kinakukwaruza kidogo na kulia ta-ka. Kidole kinajua kabla ya jicho. Ukiandika haraka ni kama watu wawili wanacheza bao na kete zinamwagika mashimoni. Nilikipenda kwa ajili hiyo. Nilikuwa nimechoka kuandika kimyakimya.

Biubwa wa ofisini, tunayekaa naye meza moja, hakukipenda siku niliyokipeleka kazini.

"Rukia shoga, hicho kibodi chako kina mdomo kuliko mwenyewe. Jana nimeota kinanisengenya."

"Kinakusengenya kweli."

"Kwa nani?"

"Kwa hakimu."

"Basi kiambie nishaolewa, asijisumbue."

Kitufe kinachochakaa mwanzo kwenye kazi yetu ni kile cha alama ndogo ya juu, ya kwenye ng', karibu na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Biubwa husema nusu ya mashahidi wetu wanakaa Ng'ambo, na nusu iliyobaki wanagombania ng'ombe. Changu kimeng'ara kama jiwe la mtoni, alama yenyewe haionekani tena. Nakupa habari hii kwa sababu bila ya kitufe hicho barua hii isingekuwepo.

Sasa nikwambie cha tatu, na hapa ndipo ninapoanza kuona haya.

Kabla ya kukinunua, Bi Sabra aliniandikia. Alisema, "Mama Ilham, nataka kumpa Ilham kibodi kwa kufaulu kwake. Anapenda chenye kelele au cha kimya?" Nilikuwa najua jibu. Nilikuwa najua kwamba hupendi kelele wala hupendi kimya, unapenda sauti ya chini, kwa sababu ulikuwa unazirudia video hizo hizo tatu. Nikamjibu neno moja: "Chochote." Nilitaka akosee. Akapatia. Sijui alikuuliza, sijui alibahatisha, lakini alipatia, na kilichoniuma kilikuwa hicho.

Boksi lilifika kwa boti, na lilikaa siku tisa ndani ya kasha langu, chini ya kanga. Nilijiambia nangoja siku nzuri. Ulipoambiwa na mwenyewe kwa simu ukaja kuniuliza, nikasema, "Eh, nilisahau." Hukubisha. Ulikwenda ukalitoa, ukazikunja kanga zangu upya, ukazipanga kuliko nilivyozipanga mimi.

Halafu siku moja umekwenda masomo ya jioni nikakaa kwenye kiti chako, nikaandika juu yake. Nilikuwa natafuta kosa. Ilham, kibodi kile ni kizuri. Kina mistari mitatu tu ya herufi na mmoja wa chini, kimezidi kidogo kitabu cha mfukoni, lakini ni kizito, hakitelezi mezani. Vitufe vyake havikwaruzi, vinashuka kama mtu anayeingia kwenye maji ya vuguvugu, na chini kabisa kuna ulaini unaokupokea. Tarakimu hazipo; unakamata kitufe kimoja kwa dole gumba, na ile mistari mitatu inageuka kuwa mambo mengine, kila kitufe kina maisha yake ya pili. Mikono haitembei. Niliandika ukurasa mzima wa maelezo ya shahidi, nikajikuta natabasamu, nikaufuta.

Kisha nikafika kwenye neno Ng'ambo, kidole changu kikaenda mahali kinapokwenda siku zote, na hapakuwa na kitu. Alama ile haina kitufe chake. Ukiitaka, ukamate kitufe kimoja kwa dole gumba, ubonyeze na kingine. Nilifurahi kama mtu aliyeokota. Nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Huyu haandiki Kiswahili."

Uliporudi nikakwambia, "Kibodi gani hiki hakina ng'ombe?"

Ukacheka. "Kina ng'ombe mama, ila kafungwa uani."

Nilikupenda kwa jibu lile na nikakukasirikia papo hapo, kwa sababu ulikuwa unamtetea Bi Sabra.

Haikuanza na kibodi. Unakumbuka ulipokuwa na miaka tisa ukaenda Dar likizo, ukarudi umesukwa? Vile vijinywele vidogo vidogo, vimekwenda mzunguko kama konokono, kazi ya siku nzima. Alikusuka yeye. Ulikuwa unajishika kichwa kila kioo unachopita. Alasiri ile ile nilikukalisha chini nikakufumua. Nilisema vimebana sana, utaumwa na kichwa. Havikubana. Mtu aliyekusuka alikuwa na mkono mwepesi kuliko wangu, nilivifumua kimoja kimoja nikauona wepesi wake. Ulikaa baina ya magoti yangu, na nilipomaliza ukaniuliza, "Nimshukuru au nisimshukuru?" Nikasema, "Shauri yako." Mtoto wa miaka tisa nikamwachia shauri kama lile.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe.

Nilikuwa ofisini. Chokaa, unajua chokaa za kuta hizi, ilikuwa imedondoka ndani ya kibodi changu na kipande kikajiingiza chini ya S. Nina maelezo ya kurasa kumi na mbili na herufi S haiendi. Nikakuandikia kwa simu: "Chokaa imeingia chini ya S, haibonyezeki. Nifanyeje?" Asubuhi ile ile Bi Sabra alikuwa amenitumia picha ya chumba alichokutengenezea kwao, maana tulikuwa tumekubaliana utakaa kwa baba yako ukisoma. Chumba cheupe, meza dirishani, pazia la buluu. Picha ilikuwa bado inanizunguka, kwa hivyo kabla hujajibu nikaongeza: "Na huyo Bi Sabra kanitumia picha ya chumba chako. Sijui kwa nini imenikaa rohoni."

Jibu lako likaja. Maneno matatu, hayana nukta wala mkato.

"Ngoa tu mama"

Nilisoma nikahisi masikio yanapata moto. Nikaitia simu ndani ya mtoto wa meza nikaufunga.

"Kuna nini?" akauliza Biubwa. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi mbona uso kama umekunywa shubiri?"

Nilitoka nje, nikasimama kwenye kivuli cha ukuta, nikampigia baba yako.

"Ilham hatokaa kwenu. Nitamtafutia dahalia."

"Mbona ghafla?"

"Si ghafla."

"Rukia, Sabra ameshapaka rangi chumba."

"Basi alale yeye."

Nikakata. Niliporudi nyumbani nikakwambia ule uongo. Nikakwambia kwa baba yako hapana nafasi tena, Bi Sabra amesema nyumba imejaa.

"Amesema yeye?" ukauliza.

"Amesema yeye."

"Sawa."

Ukakirudisha kibodi kwenye boksi. Ulizungusha waya wake pole pole, ukaufunga kwa mpira, kama mtu anayekirudisha kitu cha watu.

Asubuhi ya pili tuko kwenye chai ukaniuliza, "Vipi, uliking'oa?"

"Nini?"

"Kitufe cha S. Si nilikwambia uking'oe tu, utoe chokaa, ukirudishe."

Nikaweka kikombe chini. "Uliniandikia ngoa."

"Ndiyo, ng'oa. Nilijibu kwa kompyuta, ile alama iko mbali, nilikuwa na haraka." Ukanitazama. "Kwani ngoa ndiyo nini?"

"Neno la zamani."

"Maana yake?"

"Kunywa chai, itapoa."

Leo nakupa maana yake. Ngoa ni wivu, lakini si wivu wowote. Ni ule wa kumtaka mtu mpaka ukaona kila anayempenda anakuibia. Bibi yako hulitumia kwa wanawake wanaogombea mume, na mimi nilikuwa nikilisikia nikidhani halinihusu, kwa kuwa sikumlilia ngoa baba yako hata siku moja. Nilikulilia wewe. Uliniambia ning'oe kitufe, na neno likafika limepungukiwa na alama moja, nikasoma kwamba mwanangu ananiambia nilicho. Ulilikosea kuliandika, na mimi nikalisoma sawasawa. Ndiyo maana masikio yalipata moto. Neno la uongo haliunguzi vile.

Pale pale kwenye chai nilikuwa na nafasi. Ilikuwa ni kusema tu: Ilham, nimekosea, Bi Sabra hakusema kitu, chumba chako kipo. Maneno hayo hayafiki pumzi moja. Sikuyasema, na siku hazikungoja. Wiki tatu zimepita. Katika wiki hizo Bi Sabra amekupigia, na wewe unaitazama simu mpaka inanyamaza. Mara moja ulisema, "Watu, mama," ukanyanyuka. Nami, na hili ndilo linalonitisha kuliko yote, nilifurahi. Nilikuwa naosha vyombo nikafurahi.

Ukaanza kukiazima kibodi changu. Nikawa nakaa ukumbini nasikia ta-ka, ta-ka kutoka chumbani kwako, sauti yangu mimi, nikasema nimeshinda. Lakini sikio la mpiga chapa halidanganyiki. Nilisikia unavyosimama, unavyorudi nyuma, unavyofuta, mara nne, mara tano kwa mstari. Wewe unayeandika haraka kuliko mimi. Ulikuwa unaandika kama mtoto aliyeambiwa aandike mistari mia kwa kosa asilolijua. Siku ya Jumatano uliacha kabisa. Nikaingia nikakukuta umekaa, mikono imelala pembeni ya kibodi, haikigusi.

"Hakikupendezi?" nikauliza.

"Kizuri, mama. Chako lakini."

Nimelichukua neno hilo mpaka ofisini, nimelirudisha nyumbani.

Sikuandikii haya unionee huruma. Wala sikwambii usiwe na wivu katika maisha yako, kwa sababu sijui mtu anafanyaje asiwe nao, na mimi mwenyewe sijapona. Ukimwita Bi Sabra "mama mdogo" bado inaniuma, na nadhani itaniuma mpaka nizeeke. Nilichokigundua ni kidogo. Nilidhani wivu wangu ni siri yangu, maumivu yangu, wewe hayakugusi. Kumbe umeishi ndani yake tangu una miaka tisa. Umejifunza kushusha sauti ukiwa na furaha iliyotoka Dar. Umejifunza kuniuliza "umesikia?" na kupokea "sisikii" bila ya kugomba. Mtoto hafundishwi mambo hayo kwa mdomo. Anayasoma kwa mama yake, na yanaingia.

Na kingine. Nilijivunia kwamba nakujua kuliko watu wote, na ni kweli, nakujua. Najua hupendi mtu akukatize ukiandika. Najua ukikasirika unapanga vitu. Lakini kukujua kwangu nilikufanya kama kasha la kanga, na ufunguo ninao mimi. Mwanamke yule alibisha hodi kwa heshima, kwa swali dogo la kibodi, nikamjibu kwa neno moja ili akose. Angekosa, nani angepata hasara? Wewe. Ungekuwa na kibodi usichokipenda, nami ningekuwa na ushindi. Nimehesabu ushindi wangu wote wa namna hiyo leo, kuanzia ule wa nywele, na kila mmoja umeulipia wewe.

Mchana huu, baada ya wewe kutoka, nimempigia Bi Sabra. Ni mara ya kwanza kupiga mimi. Hatujui kuzungumza, tulisalimiana mpaka salamu zikaisha. Kisha nikamwambia. Nikamwambia kwamba nyumba haikujaa, niliijaza mimi, na kwamba nilikupa uongo na nikaupachika jina lake, ndiyo maana hupokei simu zake.

Nikasikia mlango ukifungwa upande wake.

"Wiki tatu, mama Ilham," akasema. "Wiki tatu nalala najiuliza nimemkosea nini mtoto huyu."

"Nisamehe."

"Hilo tutalizungumza mimi na wewe, siyo leo. Leo nina hasira." Akavuta pumzi. "Bado anataka kuja?"

"Hajui kama anaweza kuja."

"Basi mwambie. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, usipunguze."

Sijapunguza. Msimamizi wa dahalia nimeshamwambia hutokwenda, na kitanda ameshapewa mwanafunzi mwengine, kwa hivyo hata nikigeuka kesho asubuhi, na najijua naweza kugeuka, hapana pa kurudi. Mabegi yako yote mawili nimeyabandua karatasi za zamani, nimeandika upya kwa mkono wangu: jina lako, mtaa wao, namba ya nyumba, na chini yake, kwa herufi kubwa zisomeke na wachukuzi, MPOKEAJI: BI SABRA.

Mama yako